Fungua mabano, prodakti ruli, cheni ruli au logi: ushike ipi ukikutana na swali la kudifarenshieti?

Swali liko mbele yako, y = x²(2x − 5)⁴, umeambiwa utafute dy/dx, yani mteremko wa y kwa kila x (huko ndo kudifarenshieti, na jibu lake ndo deriveti), na kichwani zinagombana njia nne. Mmoja anakwambia fungua mabano yote uondoke na pawa ruli ya kawaida (xⁿ inakuwa nxⁿ⁻¹), mwingine anasema prodakti ruli, mwingine anasema mbona hii ni cheni iko wazi kabisa, na yule anayekaa nyuma keshapiga logi pande zote mbili anaendelea. Na wote wanne wanapata jibu, huyo wa cheni akisaidiwa na prodakti! Hapo ndo watu wanakwama, sio kwamba kanuni hawazijui, wamezikariri vizuri tu na ukiwaamsha usiku wa manane watakutajia, ila hawajui ipi waishike kwa swali lipi.

Nimekaa na vijana wengi kwenye hii topiki, wa PCM (fizikia, kemia, hesabu), wa EGM (uchumi, jiografia, hesabu) na wale wanaosoma BAM (Basic Applied Mathematics), na kitu kimoja nimekiona mara nyingi mno: mtu anapoteza maki kwa kuchagua njia ambayo ilikuwa sahihi lakini ikampeleka mahali ambapo sehemu (b) ya swali haifanyiki. Kwa hiyo leo naziweka hizi njia pembeni kwa pembeni, kila moja na uzuri wake na ubaya wake, alafu wewe uamue.

Vigezo kwanza

Nitaangalia vitu vinne kwa kila njia. Inakubali wapi, maana kuna njia inaenda vizuri kwa polinomia (vipeo vya x vya kujumlisha na kutoa, kama x³ − 2x) lakini ukiipeleka kwenye sin x inagoma. Mistari mingapi na kosa linajificha wapi, sababu kila njia ina kona yake ambayo watu wanaangukia hapohapo kila mwaka. Jibu linatoka na sura gani, yani limekaa kwenye vigawo (vipande vinavyozidishana) au limetawanyika. Na mwisho inamfaa nani.

Hicho cha tatu naomba ukishike sana. Deriveti huwa huitafuti ili uitazame, unaitafuta ukaifanyie kitu: uiweke sawa na sifuri upate pale mteremko unapolala, au uingize x = 1 upate mlinganyo wa tanjenti (mstari unaogusa grafu hapo), au uidifarenshieti tena. Kazi inayofuata ndo inakuchagulia njia, na watu wengi wanachagua kabla hawajasoma sehemu (b) inasemaje.

Kabla ya njia, jua swali lako ni la aina gani

Kuna kipimo kimoja ambacho mimi nakitumia kwa kila mwanafunzi na kinafanya kazi. Chukua x iwe namba yoyote, tuseme 1, alafu jiulize: nikiwa natafuta y kwa kalkuleta, kitendo cha mwisho kabisa nitakachofanya ni kipi?

Kwa y = x²(2x − 5)⁴, unatafuta x² unapata 1, unatafuta 2x − 5 unapata −3, unapandisha kipeo cha nne unapata 81, alafu mwisho unazidisha 1 kwa 81. Kitendo cha mwisho ni kuzidisha, kwa hiyo kwa nje hii ni prodakti, na cheni imejificha ndani ya kipande kimoja. Sasa chukua y = (x sin x)³. Hapa unatafuta x sin x kwanza, kuzidisha kunaisha mapema, mwisho unapandisha kipeo cha tatu, kwa hiyo kwa nje hii ni cheni na prodakti ndo iko ndani. Alama ni zilezile, kuna kuzidisha na kuna kipeo kwenye maswali yote mawili, lakini mpangilio umegeuka na jibu linageuka nalo: ya pili inakuwa 3(x sin x)²(sin x + x cos x).

Mtu akizoea kujiuliza hivyo, nusu ya ugomvi umekwisha.

Njia ya kwanza: fungua mabano alafu pawa ruli

Hii ndo wengi wanaianza maana wanaiamini. Waliosoma Kenya kwenye mfumo wa 8-4-4 waliishi humu muda mrefu, silabasi ya KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari) kidato cha nne iliishia kwenye polinomia, kwa hiyo ukipewa mabano unayafungua, unashusha vipeo, unaenda zako. Hakuna ubaya wowote.

Inakubali wapi. Polinomia, na pia vitu kama √x(x − 3), hii watu wanaisahau, unaandika x^(3/2) − 3x^(1/2) unashusha vipeo imekwisha. Lakini x² sin x haina mabano ya kufungua, na √(x² + 9) hata ukikesha haifunguki. Hapo njia imefika mwisho wake.

Mistari na makosa. Kwa kitu kidogo hakuna inayoishinda. y = (2x + 3)(x² − 5) inakuwa 2x³ + 3x² − 10x − 15, deriveti 6x² + 6x − 10, mistari miwili. Ila ukipewa (3x + 1)⁷ utapata vipande nane na cha kwanza ni 2187x⁷, sasa hapo ukosee alama moja tu au namba moja kwenye pembetatu ya Pascal (ile ya kutafutia namba za mbele ya kila kipande) na kila kitu kimeharibika. Na kosa la humu ni la kimyakimya, hakuna kinachokuonyesha umekosea wapi, unarudia kuzidisha kutoka mwanzo.

Sura ya jibu. Linatoka limetawanyika, vipande vya kujumlisha na kutoa. Hii ni nzuri sana kama unaambiwa utafute deriveti ya pili, maana kutoka 6x² + 6x − 10 unaenda 12x + 6 bila kufikiria. Ni mbaya sana kama unatakiwa uweke sawa na sifuri na kipeo ni kikubwa, nitakuonyesha mbele.

Inamfaa nani. Mwenye mabano mawili madogo, na mwenye kutafuta deriveti ya pili au ya tatu ya polinomia fupi.

Njia ya pili: prodakti ruli

Kanuni ya zao, kwa Kiswahili cha vitabuni. Kama y = uv basi dy/dx = u'v + uv', ambapo u' ni deriveti ya u na v' ya v. Yani unadifarenshieti cha kwanza cha pili umekiacha, unajumlisha na cha kwanza umekiacha cha pili ndo umekidifarenshieti.

Swali ambalo naulizwa kila muhula: kwa nini isiwe u' mara v' tu? Nalipenda hili swali na sitaki mtu aone aibu kuuliza. Leibniz mwenyewe, mmoja wa waliotuletea hizi hesabu, mwezi Novemba 1675 alikaa na karatasi zake akijiuliza kama d(xy) ni sawasawa na dx mara dy, akajaribu, akaona hapana. Ile sahihi akaja kuichapisha mwaka 1684 kwenye jarida la Acta Eruditorum. Sasa kama yeye alilazimika kujaribu, na sisi tujaribu.

Mama anauza maandazi 300 kwa siku, shilingi 200 kila moja, mauzo ya siku ni 60,000. Unga umepanda, kwa hiyo bei yake inapanda kwa kasi ya shilingi 10 kila wiki, na wateja nao wanakimbia, anapoteza maandazi 20 kila wiki. Mauzo yake ya siku yanabadilika kwa kasi gani sasa hivi? Bei ikipanda 10 kwenye maandazi 300 anapata 3,000 zaidi. Maandazi yakipungua 20 kwa bei ya 200 anapoteza 4,000. Jumla ni −1,000 kwa wiki. Hiyo ndo prodakti ruli, u'v + uv', hakuna kingine. Yule wa u' mara v' angesema 10 × (−20) = −200, sasa muulize, ile 4,000 ya wateja waliokimbia umeipeleka wapi?

Na kuna kitu kizuri zaidi hapo. Ukisubiri wiki nzima iishe ukapiga hesabu kwa kalkuleta, 210 × 280 = 58,800, mauzo yameshuka 1,200 na sio 1,000. Ile 200 iliyozidi imetoka wapi? Ni 10 × 20, badiliko mara badiliko, kile kikona kidogo. Sasa pima nusu wiki: 205 × 290 = 59,450, imeshuka 550, yani kwa kasi ya 1,100 kwa wiki. Pima robo wiki unapata kasi ya 1,050. Kadri muda unavyokuwa mfupi kile kikona kinayeyuka na unabaki na 1,000 kamili. Ndo maana kwenye kanuni hakionekani, kimeisha chenyewe tulivyosogeza muda kwenda sifuri. Mwanafunzi akiiona hii mara moja kwa namba hasahau tena.

Inakubali wapi. Popote penye vitu viwili vinazidishana na kila kimoja unajua kukidifarenshieti: x² sin x, x ln x (ln ni logi asilia), eˣ cos x. Hata vitatu, u'vw + uv'w + uvw', kila mmoja anapata zamu yake.

Mistari na makosa. Mistari michache, mitatu minne hivi. Kosa kubwa ni mtu kusahau kwamba ndani ya v kuna cheni. Kwenye swali letu anaandika 2x(2x − 5)⁴ + x² · 4(2x − 5)³ na anaendelea, ile 2 ya ndani ya mabano imebaki njiani. Dawa yake mimi nashauri uandike u, v, u', v' pembeni kwenye mistari minne midogo kabla hujaunganisha, hata kama unajiona fundi, maana anayesahihisha akiona v' yako ni sahihi na umekosea mbele walau kuna maki za hatua.

Sura ya jibu. Linatoka na vipande viwili ambavyo karibu kila mara vina kitu cha kufanana cha kutoa nje. Usiache hapo, toa kigawo.

Inamfaa nani. Mwenye swali ambalo kitendo cha mwisho ni kuzidisha na kipande kimoja hakifunguki, na mwenye kutafuta pale mteremko unapokuwa sifuri.

Njia ya tatu: cheni ruli

Kanuni ya mnyororo. Kitu kimoja kiko ndani ya kingine, unadifarenshieti cha nje cha ndani umekiacha kilivyo, alafu unazidisha na deriveti ya kile cha ndani. Kwa nini tunazidisha? Basi linakula lita 0.3 za dizeli kwa kilomita na linatembea kilomita 80 kwa saa, linakula lita ngapi kwa saa? 0.3 × 80 = 24. Umeshafanya cheni ruli, kasi juu ya kasi zinazidishana.

Inakubali wapi. Pana mno, kipeo chochote juu ya mabano, kipeuo, sin ya kitu, e ya kitu, ln ya kitu. √(x² + 9) iliyotushinda kule juu inatoka kwa mstari mmoja: x/√(x² + 9), na kwa x = 4 mteremko ni 4/5. Isipokuwa peke yake haiwezi kukutenganishia vitu viwili vinavyozidishana, inataka prodakti ikae nayo.

Mistari na makosa. Kwa (3x + 1)⁷ ni 7(3x + 1)⁶ · 3 = 21(3x + 1)⁶, mstari mmoja dhidi ya vile vipande nane. Ila makosa yake yana tabia mbili. Moja ni kusahau cha ndani. Nyingine, na hii naona ni mbaya zaidi, ni kugusa nje na ndani kwa wakati mmoja, mtu anaandika 7(3)⁶, yani ameshusha kipeo na papo hapo amegeuza 3x + 1 kuwa 3. Hapana! Ukiwa unashughulika na cha nje, cha ndani usikiguse, kiandike herufi kwa herufi kama kilivyokuwa.

Na kuna wale wanaochanganya sin(x²) na sin²x. Rudi kwenye kipimo cha kalkuleta. sin(x²), kitendo cha mwisho ni saini, kwa hiyo 2x cos(x²). sin²x, kitendo cha mwisho ni kipeo cha pili, kwa hiyo 2 sin x cos x. Hiyo ya pili ukitaka ifanye kwa prodakti, sin x mara sin x, utapata cos x sin x + sin x cos x, ileile. Mimi huwa nawaambia wafanye zote mbili siku ya kwanza wajionee kwamba hizi kanuni ni ndugu.

Watu wanauliza pia waandike u = 2x − 5 alafu dy/du mara du/dx, au waende moja kwa moja nje alafu ndani. Kama ni wiki yako ya kwanza au ya pili andika u, inakulinda na lile kosa la 7(3)⁶ maana ndani kumegeuka herufi moja huwezi kukugusa. Ukishazoea utaona inakuchelewesha, hasa ikiwa kuna tabaka tatu kama sin³(2x), hapo utaandika u na v na w mpaka ukurasa uishe. Wote wanapewa maki zilezile.

Sura ya jibu. Linabaki kwenye vigawo lenyewe, bila kulazimisha.

Inamfaa nani. Mwenye swali ambalo kitendo cha mwisho ni kipeo, kipeuo, saini, e au ln, hasa kipeo kikubwa.

Njia ya nne: logi pande zote

Unachukua ln y = ln ya upande wa kulia, kuzidisha kunageuka kujumlisha, vipeo vinashuka mbele, unadifarenshieti, mwisho unazidisha y irudi.

Inakubali wapi. Kuna swali moja ambalo hizi tatu za juu zikikaa peke yake zinakwama kabisa, y = xˣ. Sio pawa ruli maana kipeo sio namba iliyotulia, sio kama eˣ maana chini nako kunabadilika. Johann Bernoulli, mwanahisabati wa Uswisi, alishaandika kuhusu vipeo vya aina hii mwaka 1697, sio kitu kipya. Kwa logi: ln y = x ln x, upande wa kulia prodakti, y'/y = ln x + 1, basi y' = xˣ(ln x + 1). Pia inafaa pale vitu vitatu vinne vinazidishana na kugawana, mfano (x + 1)³(x − 2)⁴/√(x² + 1), ukipiga logi unapata y'/y = 3/(x + 1) + 4/(x − 2) − x/(x² + 1), mstari mmoja tu, wakati kwa prodakti ungejaza nusu ukurasa.

Mistari na makosa. Kosa namba moja ni kusahau kurudisha y, mtu anapigia mstari y'/y anaondoka. Kosa la pili ni la chinichini: logi haikubali sifuri wala hasi. Hasi inatibika kwa kutumia thamani bila alama, lakini pale y = 0 ile y'/y haipo. Kwa swali letu x²(2x − 5)⁴ hiyo inatokea pale x = 0 na x = 5/2, na hizo ni mojawapo ya sehemu ambazo mteremko ni sifuri, kwa hiyo ukiweka y'/y sawa na sifuri badala ya y' utapata x = 5/6 peke yake na mbili zimekupotea.

Sura ya jibu. y nzima mara mabano ya sehemu. Nzuri kwa kuingiza namba, ngumu kwa deriveti ya pili.

Inamfaa nani. Wa xˣ na ndugu zake hana pa kukimbilia. Wa vigawo vitatu kwenda juu pia. Kwa vitu viwili vidogo naona ni kujichosha.

Sasa swali moja, njia mbili, uone tofauti

Turudi kwa y = x²(2x − 5)⁴ na sehemu (b) inasema tafuta x zote ambazo mteremko ni sifuri.

Prodakti na cheni: 2x(2x − 5)⁴ + 8x²(2x − 5)³. Toa nje 2x(2x − 5)³, ndani inabaki (2x − 5) + 4x, kwa hiyo y' = 2x(2x − 5)³(6x − 5). Weka sifuri: x = 0, x = 5/2, x = 5/6. Imekwisha, na dakika mbili hazijafika.

Kufungua: y = 16x⁶ − 160x⁵ + 600x⁴ − 1000x³ + 625x², deriveti 96x⁵ − 800x⁴ + 2400x³ − 3000x² + 1250x. Sahihi kabisa, hakuna kosa hata moja. Sasa weka sawa na sifuri uone. Unatoa 2x nje unabaki na 48x⁴ − 400x³ + 1200x² − 1500x + 625 = 0, na unakaa unaitazama. Mimi nilivyokuwa fomu siksi nilikwama mahali kama hapa, kazi yangu yote ilikuwa sahihi mpaka kwenye ule mlinganyo wa kipeo cha nne, na sikuvuka. Ndo maana nalisema hili kwa uchungu: jibu lilikuwepo, sura yake ndo ilininyima.

Lakini sio kila mara kufungua kunaangusha. Fundi bati ana kipande cha mraba sentimita 30 kwa 30, anakata miraba ya x kwenye kona nne anakunja apate trei isiyo na mfuniko. Ujazo ni V = x(30 − 2x)². Kwa prodakti na cheni unapata (30 − 2x)² − 4x(30 − 2x) = (30 − 2x)(30 − 6x). Kwa kufungua, 4x³ − 120x² + 900x, deriveti 12x² − 240x + 900, gawa kwa 12, x² − 20x + 75 = (x − 5)(x − 15). Zote zinakupa x = 5 au 15, 15 inakula bati lote, kwa hiyo anakata 5 na ujazo ni 5 × 20 × 20 = sentimita za ujazo 2,000. Hapa shika unayoipenda. Mpaka unaanzia pale deriveti iliyofunguliwa inapozidi kipeo cha pili.

Na kugawanya je? Wanaoichukia koshenti ruli (kanuni ya kugawanya, (u'v − uv')/v²) wanaweza kuandika 3x/(x² + 4) kama 3x(x² + 4)⁻¹ wakatumia prodakti na cheni, inafika kulekule, (12 − 3x²)/(x² + 4)². Koshenti inakupa asili moja tayari, prodakti inakulazimisha uunganishe sehemu mwishoni. Kama kuunganisha sehemu ndo kunakusumbua kaa na koshenti. Kama alama ya kutoa katikati ya koshenti ndo inakuchanganya, u'v kwanza au uv' kwanza, basi geuza iwe prodakti, kwenye kujumlisha hakuna cha kwanza wala cha pili.

Hakikisha, njia yoyote uliyotumia

Ingiza x = 1 kwenye y, unapata 81. Ingiza 1.001, kalkuleta itakupa kama 80.945865. Tofauti ni −0.054135, gawa kwa 0.001 unapata −54.135. Sasa ingiza 1 kwenye jibu lako: 2 × 1 × (−27) × 1 = −54. Zinakaribiana, jibu liko salama. Yule aliyesahau ile 2 ya ndani angepata 162 − 108 = 54, alama imegeuka kabisa, na angejua hapohapo kabla hajakabidhi karatasi.

Kwa hiyo ushike ipi?

Mabano mawili, vipeo vya kwanza au vya pili, na swali linaishia kwenye dy/dx au linataka deriveti ya pili: fungua, usijitese.

Kipeo cha tatu kwenda juu kwenye mabano na hakuna kinachozidisha nje: cheni moja kwa moja.

Kuna kinachozidisha nje na sehemu (b) inataka mteremko uwe sifuri: prodakti na cheni kwa pamoja, alafu toa kigawo kabla hujafanya chochote kingine.

Swali linataka tu mteremko kwenye x = 1 au mlinganyo wa tanjenti: prodakti au cheni, ingiza namba palepale kabla hujarahisisha, hakuna anayekudai sura nzuri.

x iko chini na x iko kwenye kipeo: logi. Vigawo vitatu na zaidi: logi pia, ila sehemu ambazo y ni sifuri ziangalie kwa mkono.

Unasoma BAM na hesabu zinakutisha: chukua prodakti na cheni uzijue vizuri, logi ije baadaye, na uandike u na v pembeni kila mara.

Na kama mtihani ni kesho asubuhi, usianze topiki mpya. Chukua y = x²(2x − 5)⁴ hiihii, funika ulichosoma hapa, ifanye kwa prodakti na cheni, irudie kwa logi, alafu ifungue mabano uingize x = 1 uone kama unapata −54. Ukipata 2x(2x − 5)³(6x − 5) kwenye zile mbili za kwanza na −54 kwenye ya tatu, funga daftari ukalale.